Siku Mama Kabemba Alipokula Kwa Vioo

Ile nyumba ya kuku ina jina lake la Kifaransa juu ya mlango, limeandikwa kwa taa nyekundu. Jina hilohilo liko Lubumbashi, liko Likasi, mlango ni uleule na kuku ni yuleyule. Lakini hapa Kolwezi hakuna anayelitaja. Watu wanasema Kwa Vioo, basi, kwa sababu upande wote wa barabara ni kioo kutoka chini hadi juu, na mwenye kula anaonekana hata jino linalouma.

Kila mtu ana sababu yake ya kuingia au ya kupita. Vijana wa mgodi wanaingia kwa ajili ya ile baridi ya mashine. Mtu ametoka kwenye vumbi la machimbo ya Kingamyambo macho mekundu, anataka kukaa pahali ambapo mlango unajifunga wenyewe. Wasichana wanaingia kupiga picha, na viazi vinapoa mbele yao. Tata Godefroid, fundi cherehani, hakanyagi kabisa. Anasema kuku wale wametoka ng'ambo wakiwa barafu, walikufa kabla ya mjukuu wake kuzaliwa, na yeye hali maiti ambaye hakuna aliyehudhuria kifo chake. Mama Jocelyne naye, kiongozi wa akina mama wa Kipendano katika kanisa la Metodisti, alikuwa akisema, "Chakula kinafika mbele hujamaliza kukiomba. Nani amekipika akikuwazia weye?"

Mama Kabemba alipita mbele ya kioo kile kila siku akitoka sokoni na beseni lake tupu la sombe, yale majani ya muhogo, na hakuingia. Sababu yake haikuwa barafu wala bei. Sababu yake ilikuwa buko.

Kwao, Waluba wa kaskazini ya Katanga, mama na mume wa binti yake hawaonani wakitafuna. Mmoja akiwa na chakula mdomoni, mwingine hapiti. Si ugomvi, ni heshima, ndiyo hiyo wanayoita buko, na ni kama pazia ambalo limewekwa ili nyumba mbili zisivunjiane utu. Pazia hilo hufunguliwa siku moja. Mkwe, ambaye kwao anaitwa muko, anakuja na wajomba zake na mbuzi, mbuzi anapikwa, kisha mkwe anakata nyama kwa mkono wake na kumwekea mama katika kiganja. Wanakula pamoja. Tangu siku ile mkwe ni mtoto wa nyumba, na mama anaweza kuingia kwa binti yake, kula, kulala, kuogesha wajukuu bila kuuliza nani yuko ndani.

Mume wa binti yake aliitwa Ngoyi, dereva wa magari makubwa ya mgodi. Alimwoa Stéphanie kanisani, kwa nyimbo na kwa utaratibu. Na habari ya mbuzi aliisema mwenyewe siku ileile ya arusi, amesimama mbali, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Mama, muningojee kidogo. Sitaki kufungua buko sawa mwizi. Nataka bajomba yangu batoke Manono, na mbuzi mukubwa, na ngoma."

Maneno mazuri. Mama Kabemba aliyachukua akayaweka moyoni, akangoja. Mjukuu wa kwanza akazaliwa, akaota meno, akayang'oa. Wa pili akaanza shule. Mbuzi hakuonekana, na Mama Kabemba hakuuliza, kwa maana heshima haiombwi. Ukiiomba, imekuwa sadaka.

Yeye alikuwa mjane. Nyumba yake ya mtaa wa Kasulo aliiacha siku mashimo ya wachimbaji yalipofika chini ya kitanda chake, akapanga chumba karibu na soko. Kwa Stéphanie palikuwa na nafasi, lakini buko ilikuwa haijafunguliwa. Kwa hiyo alifika pale kama mgeni wa mlangoni. Alikuwa anapiga hodi kwenye lupango, ule ua wa nyumba yao, na Stéphanie anatoka mbio, mkono juu: "Mama, simama kwanza. Ngoyi iko ndani anakula." Basi anasimama. Jua linampiga, mvua inamnyeshea, anasimama chini ya bati la jirani, Mama Mujinga, na sufuria ya sombe kichwani. Mara nyingine Stéphanie anaipokea sufuria pale pale, na mama anageuka kwenda zake. Mwaka mjukuu mdogo alipougua surua, bibi yake alilala kwa Mama Mujinga, sikio ukutani, akimsikia mtoto analia kwa upande wa pili. Hakwenda. Alipiga magoti akaomba mpaka sauti ya mtoto ikatulia.

Wala hakunung'unika. Tuseme ukweli wote: alijivuna. Pale Kipendano, wamama walipolalamika juu ya wakwe zao, huyu anaingia jikoni kufunua vyungu, yule anaomba chai kama yuko hotelini, Mama Kabemba alikuwa anakunja mikono na kutabasamu. "Wangu? Wangu hajaona hata kijiko yangu." Na katika maombi yake ya asubuhi jina la Ngoyi lilitangulia mbele ya watoto aliowazaa.

Sasa mtu kama huyo angekaaje ndani ya ile chupa ya kioo, anang'ata mfupa, na barabara yote inatazama? Kama Ngoyi angepita na gari?

Ikafika juma moja kabla ya Pasaka. Binti ya Mama Jocelyne alikuwa amerudi kutoka Ndola na moyo mkunjufu, akasema wamama wote waliofagia kanisa atawapeleka Kwa Vioo. Na nani alikuwa wa kwanza kutia kitambaa kichwani? Mama Jocelyne, yule yule wa chakula kisichowaziwa.

"Mi ninaenda kuona tu," akasema.

"Kuona na mudomo," wakamjibu wenzake, na kicheko.

Mama Kabemba alishika ufagio wake. "Muende na amani. Mi na buko yangu, siwezi."

"Wee na ule muko yako!" Mama Jocelyne akampiga bega. "Mutu atasema ni Roho Mutakatifu, iko kila fashi! Sasa hivi iko wapi?"

"Iko Tenke. Stéphanie amenambia, juma yote iko Tenke ku kazi."

"Basi! Macho yake yanatoka Tenke mpaka hapa? Vaa kiatu, twende."

Mama Kabemba akafikiri. Tenke ni mbali. Akavaa kiatu.

Waliingia kama kwaya, wakajaza meza mbili ndefu. Mama Kabemba alichagua kiti cha kugeuzia kioo mgongo. Chakula kiliombwa kwa kuonyesha kidole kwenye picha, na kijana wa kaunta akabonyeza, na kabla wimbo wa kushukuru haujafika ubeti wa pili sahani zilikuwa mezani. Mama Jocelyne alihesabu vipande vyake kwa mashaka. "Kuku gani huyu? Mapaja tatu, firigisi hakuna. Kwetu mwanamuke akipika hivi anarudishwa kwa baba yake." Wakacheka mpaka vijana wa meza nyingine wakacheka nao. Kisha wakala, wakanyamaza, kwa sababu kusema kweli kilikuwa kitamu. Mama Kabemba alipata ngozi inayovunjika kama jani kavu, na mchuzi mwekundu wenye sukari ambao hakujua kama ni dhambi au siyo. Alikula kipande kimoja, akala nusu ya kingine, akawaza kufunga kilichobaki kwenye karatasi awapelekee wajukuu. Vidole vilishikana kwa ule mchuzi. Akainuka kwenda kunawa.

Pa kunawia palikuwa nyuma, karibu na jikoni, na nguzo nene imepita kati yake na kona moja ya meza ambayo barabarani haionekani. Alikuwa amefungua maji aliposikia sauti ya Ngoyi.

Jambo la kwanza alilofanya ni kujificha. Yeye! Aliziba mdomo kwa mkono wa mchuzi, akainama nyuma ya nguzo kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Muko ameniona ninatafuna. Ee Bwana, nifunike. Ndivyo alivyoomba, na maji yanamwagika bure.

Kisha, akiwa bado ameinama, aliona. Meza ile ilikuwa na watu watatu. Ngoyi, shati jeupe lisilo na vumbi lolote la Tenke. Msichana mwenye tumbo la mimba, kubwa, la kukaribia. Na mama mmoja wa umri kama wake, amefunga kitenge kipya, mkufu shingoni. Ngoyi alikuwa anapasua paja la kuku kwa mikono yake miwili. Akatoa nyama nono, akaiweka katika kiganja cha yule mama.

"Mama, kamata. Falonne hakuli, ukule weye."

"Wee mwana!" yule mama akasema kwa mdomo uliojaa, anacheka. "Toka siku ya ile mbuzi unataka tu ninenepe. Utanibeba na gari yako ya mugodi?"

"Nitakubeba, mama."

Mama Kabemba aliyasikia yote, lakini hayakuingia kwa mara moja. Kwanza alijisemea, ni shangazi yake. Kisha akakumbuka kwamba shangazi hapewi mbuzi. Kisha akaona jinsi wanavyotafuna, mkwe na mama, uso kwa uso, mafuta midomoni, bila haya, kwa raha ya watu ambao pazia lao lilikwisha ondolewa. Wajomba walitoka Manono, basi. Mbuzi alikuja. Ngoma pengine ilipigwa. Ila vyote vilipita lango lake vikaingia lupango lingine.

Angeweza kutoka kimya. Mlango haukuwa mbali. Lakini mezani Mama Jocelyne aliita kwa ile sauti yake ya kuongoza nyimbo, "Mama Kabemba! Umeingia ndani ya bomba?"

Ngoyi aligeuka.

Macho yao yakakutana, na mara moja yule mtu akaziba mdomo kwa mkono na kuinamisha kichwa, vizuri kabisa, kama alivyofanya miaka yote. Na lililomwumiza Mama Kabemba kuliko yote ni kwamba magoti yake nayo yalitaka kukunjika kumjibu.

"Ni nani?" yule mama akauliza.

Ngoyi hakuinua macho. "Ni mama moja wa kanisa."

Mama moja wa kanisa. Mama Kabemba alifunga maji. Alirudi kwenye meza ya wenzake, akachukua sahani yake yenye kile kipande cha nusu, akazunguka nguzo. Pale kwa Ngoyi kulikuwa na kiti cha nne.

"Mama wa kanisa anaweza kuikala?" akauliza.

"Karibu, mama, karibu," akasema yule mama wa kitenge, mtu mwema kwa kuonekana, akasogeza soda yake.

Mama Kabemba akakaa. Akafumba macho, akashukuru kwa chakula, akafumbua. Kisha akamtazama Ngoyi usoni na kuanza kula. Alikula polepole. Aling'ata, akatafuna, akameza, akavuta nyama iliyoshika mfupa kwa meno ya pembeni. Ngoyi aligeuza uso ukutani kama mtu anayeona mzazi wake uchi.

"Mama," akanong'ona, "hapana hapa. Buko..."

"Buko na nani, Ngoyi?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake uso kwa uso. Sauti haikupanda. "Mutu hakuli mbele ya muko yake. Mbele ya mutu mwingine, anakula tu."

Msichana Falonne aliweka uma chini. Yule mama naye akaacha kutafuna. "Munajuana?"

"Nilikuwa ninamujua. Mi ni mama ya Stéphanie, bibi yake wa arusi ya kanisa. Wana batoto mbili." Kisha, kwa upole, maana hakuwa na neno na mwanamke yule, "Mbuzi ilikuwa mutamu, mama?"

Yule mama alimtazama Ngoyi, akamtazama binti yake, kile kiganja chenye nyama kikabaki wazi juu ya meza. "Alituambia walitengana," akasema. "Mbele ya bajomba wake. Bote balisema ndiyo."

Hata wajomba. Mama Kabemba alimaliza kipande chake. Akafuta vidole kimoja kimoja kwa karatasi, akainuka, akawaacha pale.

Mama Jocelyne alimfuata hadi mlangoni, amekwisha fahamu, maana wote walikuwa wamesikia. Hakufanya mzaha. Alimsimamishia moto, pikipiki ya abiria, akamlipia dereva, akamwambia, "Enda kwa mutoto."

Simu ilikimbia kuliko pikipiki. Stéphanie alikuwa amesimama langoni tayari, mkono juu kama kawaida yake, ila safari hii mkono ulikuwa umeshika simu.

"Mama, umefanya nini? Ngoyi amepiga. Anasema umekula mbele yake, mu batu, na makusudi. Anasema umevunja buko. Sasa iko na sababu, mama! Anasema mutu mwenye mama mukwe wa vile anaweza kurudisha bibi, na hakuna muzee atamushitaki!"

"Alikuwa na mama mukwe mwingine, Stéphanie. Alikuwa anamulisha na mukono. Msichana ana mimba."

Mama Kabemba alingoja binti aangue kilio, au akatae, au aulize ni nani. Stéphanie hakuuliza. Alitazama simu.

Na hapo mama akaelewa kwamba jioni ile haijamaliza kazi naye.

"Ulijua."

"Mama, sikia..."

"Ulijua toka lini?"

"Toka mbele ile mbuzi yao haijachinjwa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwambia asikuambie. Mi mwenyewe. Kila mama wa kanisa alikuwa ananambia, eh Stéphanie, ule mume, heshima gani, mama yako anatuhubiria juu yake! Ningesema nini? Kama unaingia hapa, unakula, unalala, utaona Ngoyi halali hapa. Kama buko inabakia, unasimama kulango. Hauoni."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya machimbo, na bati la Mama Mujinga, lile alilosimama chini yake mara zisizohesabika, lilikuwa linang'aa. Mama Kabemba alilitazama.

"Ile siku ya mvua nilipoleta fretins, ile samaki ndogo ya kukausha. Ukaniambia simama, iko ndani anakula. Alikuwa ndani?"

Stéphanie alitia simu kwenye fundo la kitenge chake.

"Na mwaka wa surua, mutoto akilia. Nilikuwa kwa Mama Mujinga. Nilibakia kule juu ya heshima. Alikuwa ndani?"

"Hapana, mama."

"Ni nani alikuwa ndani?"

"Ni kiti tu."

Kiti. Alisimama kwenye mvua akikiheshimu kiti. Alimwacha mtoto mgonjwa alie ili asikiaibishe kiti. Ngoyi alimdanganya, sawa, Ngoyi alitoka kwa watu wengine, na mgeni anaweza kukuuza. Lakini mkono ule uliokuwa unainuliwa langoni, simama kwanza mama, ulikuwa mkono aliouzaa na kuukanda kwa mafuta ukiwa mdogo kama jani.

Alitafuta neno la Mungu la kusema, kama alivyozoea, na halikuja. Basi akamsogeza Stéphanie kwa bega, taratibu, akapita lango, akavuka ua, akaingia nyumbani kwa binti yake. Ndani palikuwa na meza yenye nailoni ya maua, viti vinne, kabati la vyombo lenye picha ya arusi. Kimoja cha viti kilikuwa na kitambaa cha kufuma mgongoni, safi, hakina alama ya mtu. Hakukaa hapo. Alikaa kingine.

"Weka bukari," akasema. "Nitakula hapa."

"Mama, akirudi akikukuta..."

"Akirudi, atanikuta. Akikuambia ukamate bitu, tutakamata, chumba yangu ni kidogo lakini ina mulango. Weka bukari."

Stéphanie alikwenda jikoni. Mama alimsikia akiwasha makaa, akikoroga ule ugali, akipenga kamasi, akikoroga tena. Wajukuu waliingia kutoka kucheza wakasimama ghafula kumwona bibi yao pahali pale, ndani, kwenye meza, kama walioona mti umeingia nyumbani. Bukari ikaja, na sombe. Mama Kabemba alinawa, akamega tonge, akalichovya, akatia mdomoni.

Mdogo alimkazia macho. "Kambo," akamwambia bibi yake kwa mshangao wa kweli, "kumbe na weye unakulaka?"

Stéphanie alijifunika uso na kitenge chake. Bibi alitafuna mpaka mwisho, akameza.

"Ndiyo, baba. Ninakulaka."

Wakala wote wanne. Sombe lilikuwa limetwangwa vizuri, na mawese ya kutosha, na chumvi mahali pake, sawasawa na vile alivyomfundisha binti yake kulipika. Stéphanie alikuwa anamtazama kwa pembeni, anangoja aambiwe kwamba ni tamu. Mama Kabemba alimega tonge lingine na hakumwambia.